Kunde Kumi na Nne

Ofisini walimwita Mama Maharage, na hakuna aliyemwita hivyo kwa dharau. Alikuwa mkaguzi wa filamu kwa miaka ishirini na miwili, katika jengo la ghorofa tatu ambalo lifti yake ilikufa zamani na ngazi zake zilikuwa zinammaliza yeye kidogo kidogo. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya: kutazama kitu kabla watu wengine hawajakitazama, kisha kusema ni cha umri gani. Filamu, michezo ya kompyuta, majarida, hata kalenda zenye picha za kina dada waliosahau nusu ya nguo nyumbani, vyote vilipita mikononi mwa bodi, vikatoka na mhuri: Watu Wote, Miaka 13, Miaka 16 au Miaka 18.

Aliingia pale kama mpiga chapa. Kwa miaka sita alichapa maamuzi ya wengine. Leo filamu moja inapewa kumi na sita kwa sababu ya busu la sekunde nne, kesho nyingine inapewa Watu Wote na ndani yake wamekufa watu thelathini, tena kwa mapanga. Alijikuna kichwa mpaka siku moja akamwuliza mkubwa wake sababu. Mkubwa, ambaye hakupenda maswali kabla ya chai, akamjibu, "Kama unajua kuliko sisi, njoo ukae wewe." Alisema kwa hasira. Yeye akaenda akakaa.

Sasa hayo maharage. Kanuni ya bodi inasema mkaguzi atazame kama mtazamaji wa kawaida anavyotazama, yaani gizani, na mara moja tu, kwa sababu mtazamaji naye hulipa mara moja akaona mara moja. Hakuna kusimamisha, hakuna kurudisha nyuma. Lakini fomu inataka hesabu: vipigo vingapi, matusi mangapi, mapenzi mara ngapi, hofu na huzuni mara ngapi. Utaandikaje gizani? Wakaguzi wengine waliandika kwa kupapasa, taa zikiwashwa wanakuta mstari umepanda juu ya mstari na wenyewe hawawezi kusoma walichoandika, basi wanakadiria. Wakadiriaji hao ndio waliotoa yale maamuzi ya mapanga.

Mama Maharage alitundika vifuko vinne vya kitambaa kwenye mkono wa kushoto wa kiti chake. Kimoja cha maharage, kwa ajili ya vipigo na damu. Kimoja cha choroko, za matusi. Dengu zilikuwa za mapenzi. Kunde zilikuwa za hofu na huzuni. Vidole vyake vilizijua bila kuangalia, na mapajani aliweka bakuli la plastiki. Tukio moja, punje moja. Filamu ikiisha anakwenda dirishani, anamwaga bakuli juu ya gazeti, anachambua na kuhesabu, anajaza fomu. Ndani ya bakuli alitandika kitambaa baada ya siku ile punje zilipomwamsha mkaguzi mwenzake katikati ya filamu ya vita, mtu ambaye mizinga yenyewe ilishindwa kumwamsha. Wakaguzi wapya walimcheka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu walimfuata kumwuliza kunde ananunua wapi.

Jumanne hiyo walikuwa watatu chumbani, kama inavyotakiwa. Kulikuwa na huyo msinziaji, mstaafu wa magereza waliyemwita Afande, bonge la mtu mwenye sauti ya kutisha na moyo laini kama mkate wa leo. Karibu kila kitu yeye alikipa Watu Wote. Kulikuwa na Takwimu, kijana mwenye tai, aliyeletwa kutoka ofisi ya hesabu, ambaye aliamini hakuna jambo duniani lisiloweza kuwekwa kwenye jedwali. Na yeye. Filamu ilikuwa ya saa moja na nusu, kazi ya mwongozaji mwanamke kijana wa hapo hapo mjini, na uzinduzi wake ulikuwa Jumamosi kwenye ukumbi wa manispaa.

Dakika ya sita, akatokea mtoto wa kike kwenye skrini, amevaa sare ya shule, amebeba ndoo. Mama Maharage akamtazama kama anavyotazama mtoto yeyote wa kwenye filamu, akisubiri atafanywa nini. Mtoto akageuka.

Alikuwa Chiriku.

Chiriku ni mjukuu wake. Ana miaka kumi na mmoja, anaishi naye nyumba moja, anakula naye sahani moja akiudhika na sahani yake mwenyewe, na jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake hufunguka kabla ya macho. Likizo iliyopita alikuwa akitoka kila asubuhi na mama yake mdogo, binti wa pili wa Mama Maharage, ambaye ni fundi cherehani. Walisema wanakwenda mazoezi ya kwaya. Kwaya! Wiki tatu za kwaya na mtoto hakuimba hata ubeti mmoja nyumbani. Bibi mzima, mwenye kazi ya kukagua, hakukagua.

Kanuni aliijua kama anavyojua njia ya kwake. Mkaguzi mwenye ndugu ndani ya kazi anasimama, anatoka. Akashika mkono wa kiti ili ainuke. Miguu ikakataa. Alijiambia anamaliza dakika hii moja aone mtoto anapeleka wapi ile ndoo, halafu anatoka. Ndoo ikafika, dakika ikapita, ikaja nyingine. Mkono wa kushoto, ambao haukuwa na habari ya kanuni wala ukoo, ukaendelea na kazi yake.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mtoto ambaye mama yake anaugua. Hakukuwa na kipigo hata kimoja, tusi lilikuwa moja, la konda wa basi. Mama anadhoofika, mtoto anapika, mtoto anafua, mtoto anamdanganya mwalimu. Kisha hospitali. Chiriku amekaa kwenye korido ndefu, amepakata viatu vya mama yake. Muuguzi anakuja, anachuchumaa mbele yake, anasema neno ambalo mtazamaji halisikii. Mtoto halii. Anavua viatu vyake, anavaa vile vikubwa, anatembea korido nzima, kwa, kwa, kwa, mpaka kwenye mlango wa kutokea, na hapo ndipo anapokaa chini na kutoa sauti.

Ni lazima niseme hapa jambo ambalo Mama Maharage alilijua na Afande na Takwimu hawakulijua. Binti yake mkubwa, mama yake Chiriku, alifia hospitali miaka miwili iliyopita. Chiriku hakuwepo. Siku tisa zote za hospitali alikuwa kwa jirani, akichezea paka, na hata mazikoni hakupelekwa. Ndugu walibishana kidogo, wengine wakisema mtoto aletwe, wengine wakisema asiletwe, kisha wote wakamgeukia Mama Maharage. "Wewe ndiye mtaalamu," walisema. "Wewe ndiye unayejua mtoto aone nini na asione nini." Naye akasema asione. Hakuna aliyebisha tena, maana mtu akiumwa jino hamwendei fundi viatu.

Sasa mtoto huyo huyo alikuwa mbele yake, anatembea kwenye korido ile ile aliyomkataza, upana wa ukuta mzima. Mama Maharage hakulia, angalau hakumbuki kulia. Anachokumbuka ni sauti ya viatu, na kwamba mkono wake ulikuwa unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, na yeye hakuwa anautuma.

Taa zikawaka. Afande alikuwa anapenga kamasi kwenye leso kubwa. Hakuwa amesinzia hata kidogo.

Dirishani akamwaga bakuli. Choroko moja, ya konda. Kunde kumi na nne.

Akazitazama. Tisa kushuka chini ni Watu Wote. Kumi kwenda juu ni Miaka 13, na mtoto wa miaka kumi na mmoja hapiti mlangoni. Akaanza kukumbuka moja moja, kama anavyofanya fundi akikuta skrubu zimebaki baada ya kufunga mashine. Mama anaanguka jikoni, moja. Mtoto anakuta kitanda kitupu, mbili. Akafika saba bila shida. Nane, kwa mbali. Baada ya hapo kichwa kilikuwa cheupe. Kunde sita zilikuwa zimeingia bakulini kwenye ile korido, na korido ile ilikuwa tukio moja. Labda mawili, ukihesabu muuguzi. Hizi nyingine ni za nani? Filamu ndiyo iliyozitia au yeye? Na kama ni yeye, je, yeye si mtazamaji? Lakini kama kila bibi atahesabu kilio chake, filamu gani itabaki ya watu wote? Alizipanga mstari, akazivuruga, akazipanga tena. Miaka ishirini na miwili bakuli halikuwahi kumdanganya, na sasa hakujua ashike lipi aache lipi.

Akaenda kwa Mwenyekiti wa bodi, akasema yote bila kuficha. Mtoto ni mjukuu wangu. Nilipaswa kutoka, sikutoka. Na hesabu yangu siiamini.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutazamia watu. Akavaa ya kusomea, akafungua kitabu cha kanuni.

"Mume," alisoma. "Mke. Mzazi. Mtoto. Ndugu wa tumbo moja." Akafunga kitabu. "Mjukuu hayumo."

"Mwenyekiti, mjukuu si ndiye ndugu kabisa?"

"Mama, sheria ingemtaka mjukuu ingemtaja. Haijamtaja. Kwa hiyo ulikaa kihalali."

"Basi niruhusu nitazame tena nihesabu upya."

"Hapo sasa unataka kuvunja kanuni."

"Kwa hiyo kukaa na mjukuu wangu ni sawa, kutazama mara mbili ni kosa?"

"Umeelewa vizuri," alisema Mwenyekiti, akabadilisha miwani. "Afande ameandika Watu Wote. Takwimu ameandika 13. Fomu yako ndiyo itakayoamua. Nipe kesho asubuhi, wana uzinduzi Jumamosi."

Alitoka pale amechanganyikiwa kuliko alivyoingia. Kwenye ngazi akakutana na Afande, bado macho mekundu.

"Wewe umehesabu kunde ngapi?" Mama Maharage alimwuliza.

"Mimi sina kunde, mimi nimelia tu."

"Sasa umelia hivyo, halafu unaandika Watu Wote?"

"Ndiyo hapo hapo," alisema Afande. "Gerezani nimewahi kuwapa watu habari za misiba yao. Wakubwa, wenye ndevu. Hakuna aliyekuwa amefikisha umri. Unadhani yuko mtu wa umri wa habari ile?"

Jibu hilo halikumsaidia. Alipomfuata Takwimu, huyu alimwonyesha jedwali lake: huzuni ilikuwa imechukua asilimia thelathini na nane ya muda wa filamu. Mama Maharage akauliza asilimia ngapi ndiyo inamdhuru mtoto. Takwimu akatazama jedwali juu, akatazama chini. "Hiyo safu haipo," alikiri.

Nyumbani jioni, Chiriku alimpokea mlangoni.

"Bibi, umeniona?"

Kwa hiyo siri ilikuwa imekwisha. Mama mdogo, aliyekuwa ameinamia gauni la Jumamosi, la rangi ya chungwa, akaangalia sindano kama vile sindano ndiyo iliyomtuma kudanganya.

"Tulitaka kukushtukiza, Mama," alisema.

"Mmenishtukiza." Alikaa, akavua viatu. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na kitu kingine ambacho hakukipatia jina. "Wiki tatu za kwaya! Na fomu ya ruhusa ya mzazi alitia saini nani?"

"Mimi. Si ni mwanangu pia?"

"Bibi, umeniona ama hujaniona?" Chiriku alirudia.

Kanuni ilisema mkaguzi hazungumzi habari za kazi kabla cheti hakijatoka. "Sizungumzi kazi nyumbani," alisema.

"Basi ameniona," Chiriku alimwambia mama yake mdogo. Kisha uso ukabadilika. "Kwa nini unazungumza hivyo? Itakuwa ya wakubwa?"

Bibi akanyamaza. Kunyamaza mbele ya Chiriku ni sawa na kutoa taarifa redioni.

"Bibi! Lakini mimi ndiye niliyecheza!"

"Sijasema kitu."

"Ile ya korido tulirudia mara kumi na moja. Mara kumi na moja, Bibi! Mara ya tano taa ilipasuka, mara ya saba yule muuguzi alicheka. Sasa nimeifanya mara kumi na moja na sikudhurika, nikiitazama mara moja ndiyo nitadhurika?"

Mama Maharage alifungua mdomo kutoa jibu. Alikuwa nalo jibu, alikuwa amelitoa kwenye semina mbele ya walimu na waandishi wa habari: kufanya si sawa na kuona, anayefanya anajua ni uongo. Akalitazama jibu hilo kichwani na kuona limetoboka katikati. Kama anayefanya anajua ni uongo, basi huyu ndiye mtoto pekee mjini ambaye filamu ile haiwezi kumdanganya. Na kama hakujua ni uongo, nani alimruhusu kuifanya? Bodi haikagui watoto wanaocheza, inakagua wanaotazama. Kichwa kikamuuma.

"Kula kwanza," alisema.

Mkuki kwa nguruwe, walisema wahenga, na kwa binadamu mchungu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amewarudisha watoto wa watu mlangoni, akalala usingizi mzuri. Huyu wa kwake ndiye aliyemfanya aamke alfajiri na kukaa ukingoni mwa kitanda, akibishana na nafsi. Akiandika Watu Wote, watu watasema mwamba ngoma huvutia kwake, na yeye mwenyewe hatakuwa na la kujitetea, maana ndivyo itakavyokuwa. Akiandika 13, anamnyima mtoto kazi ya mikono yake. Na je, anamnyima kwa sababu ya kunde, au kwa sababu ya kuogopa kusemwa? Au kwa sababu hataki mtoto yule aione ile korido, hata ya bandia, hata aliyoitembea mwenyewe? Kila sababu aliyoishika ilikuwa na nyingine nyuma yake imeishika shati.

Asubuhi akajaza fomu. Hofu na huzuni: 14. Pendekezo: Miaka 13. Hakuwa na hakika hata kidogo. Aliandika bakuli lilivyosema, kwa sababu bakuli ndilo lililokuwa na namba na yeye hakuwa na kitu.

Afande alipoiona alisema tu, "Mama, bakuli halina macho." Hakumsemesha tena mpaka mchana, jambo ambalo kwa Afande ni adhabu kali.

Jumamosi saa tisa alasiri walifika ukumbini wote watatu, bibi, mama mdogo na Chiriku. Chiriku alikuwa na gauni la rangi ya chungwa na alikuwa hajanung'unika tangu Jumatano, na hilo ndilo lililomtia bibi yake wasiwasi. Mlangoni kulikuwa na bango refu kuliko mtu. Nusu yake ilikuwa uso wa Chiriku. Kwenye kona ya chini, ndani ya duara jekundu, iliandikwa 13.

Mlinzi wa mlango alimtazama mtoto, akalitazama bango, akamtazama tena mtoto.

"Huyu si ndiye huyu?"

"Ndiye," alisema Mama Maharage.

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Kwa hiyo haingii?"

"Haingii."

Mlinzi akavua kofia, akajikuna. "Kwenye filamu yumo, kwenye bango yumo, ukumbini hayumo. Huko kwenye bodi kuna watu kweli? Mjinga gani amepitisha hii?"

"Mimi," alisema Mama Maharage.

Mlinzi akarudisha kofia kichwani, akawasogezea benchi.

Mama mdogo aliingia, kwa kusukumwa na Chiriku mwenyewe. Mwongozaji alitoka kumkumbatia mtoto, akamtupia bibi jicho ambalo halihitaji tafsiri, akarudi ndani. Milango ikafungwa. Wakabaki wawili kwenye benchi, na sauti ikipenya chini ya mlango: muziki, ndoo, konda na tusi lake.

Chiriku alikuwa anaifuata kwa midomo. Mara anacheka kabla watu hawajacheka ndani. Mara anamweleza bibi yake pale ambapo kamera ilikuwa juu ya ngazi na mwenye kamera alikuwa anaogopa urefu. Mama Maharage akaanza kutulia. Akajiambia labda hili ndilo lililokuwa bora, wakae hivi, mtoto aisikie bila kuiona. Akajiuliza kama kusikia kuna umri wake, akaliacha hilo.

Ndani kukawa kimya. Kisha viatu: kwa, kwa, kwa.

Chiriku akaacha kuchezesha miguu. Ilipotoka ile sauti yake mwenyewe ukumbini, sauti ya kulia, aliisikiliza kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani.

"Bibi," alisema. "Wewe umeona zote mbili."

"Zote mbili zipi?"

"Hii ya ndani, na ile ya mama." Hakuwa anamtazama. "Mwongozaji aliniambia nimfikirie mama nilie. Nikamfikiria, lakini sikuona kitu. Niliona paka tu wa jirani. Kwa hiyo nilitunga. Niliwaza labda korido ni ndefu, labda alikuwa na viatu. Nilitaka niingie leo nione kama inafanana, lakini hata ningeingia nisingejua, si ndiyo? Mimi sijui inafanana na nini." Akakwaruza benchi kwa kidole. "Nilipatia?"

Siku zote nne Mama Maharage alidhani mtoto anataka kujiona kwenye ukuta mkubwa, kama mtoto yeyote. Alikuwa amekagua swali ambalo silo.

"Hapana," alisema, kwa kuwa ndilo la kweli na hakuwa na lingine. "Haikuwa hivyo. Korido ilikuwa fupi. Viatu havikuwepo, tulimbeba kutoka nyumbani. Muuguzi hakuchuchumaa. Alizima mashine, akaandika saa kwenye karatasi."

Chiriku aliitikia kwa kichwa polepole, kama anaposahihishwa hesabu. "Alikuwa anaongea?"

"Mpaka siku moja kabla."

"Alisema nini?"

Kuna jibu ambalo wakubwa wote wanaliweka tayari kwa ajili ya swali hilo. Mama Maharage alikuwa amelisikia kwenye filamu zisizo na idadi, na kila mara alidondosha kunde moja.

"Alikuulizia," alisema. "Alitaka uletwe."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia wewe bado mdogo. Nilimwambia hapa si mahali pa mtoto. Mara ya kwanza alikubali. Mara ya pili aligeukia ukutani. Mara ya tatu hakuwa na nguvu za kubishana, na mimi nikafurahi kwamba habishani." Akautazama mlango uliofungwa. "Sikumwambia mtu yeyote."

Ndani muziki wa mwisho ulianza. Chiriku alinyoosha gauni lake magotini, likakunjamana, akalinyoosha tena.

"Nilikuwa na miaka tisa," alisema.

"Ndiyo. Tisa."

"Tisa ni mdogo?"

Hakuwa anamsuta. Alikuwa anauliza kweli, kama anavyouliza mtu kwa mwenye kazi yake, na alimgeukia kusubiri jibu. Mama Maharage alimtazama usoni, akatafuta.

"Sijui, mjukuu wangu," alisema. "Sijui." Akaanza kulia pale pale kwenye benchi, kwa sauti, milango ikifunguliwa na watu wakitoka.